Zabibu za Mjomba, siyo za Anko

Shikamoo Mjomba,

Ndiyo, nimekuita Mjomba, na usinune. Najua tangu uanze kuvaa suti unataka tukuite Anko, eti "mjomba" linakuzeesha. Hebu sikiliza kwanza.

Hapa Makole, Dodoma, upepo unatutia vumbi hadi kwenye chai. Jirani yangu Mei, dada wa Kichina anayejenga barabara, Kiswahili anakimwaga, ila Kiingereza ndiyo anaanza. Jana tulikaa barazani tukila zabibu za Makutupora, akaniuliza anko ni nani.

"Kaka wa mama," nikamjibu.

"Na mdogo wake baba?"

"Naye anko."

"Kaka mkubwa wa baba? Mume wa shangazi?"

"Wote anko."

Akaacha kutafuna. "Kwetu kila mmoja ana jina lake, kama kwenu. Sasa Mwingereza akipigiwa simu kwamba anko amefariki, anajuaje amlilie nani?"

Zabibu zilipotuishia, muuzaji akapita, nami nikapaza sauti: "Anko, njoo!"

Mei akanigeukia. "Na huyu ni kaka wa mama?"

Nilicheka hadi nikapaliwa. Lakini Mjomba, Mama ana kaka mmoja tu duniani. Nikikuita Anko, hilo jina la mjomba nimpe nani?

Nakuletea kikapu kizima cha zabibu. Ni za Mjomba. Yule Anko akija kuziulizia, mwambie apange foleni nyuma ya muuza zabibu.

Mpwa wako anayekupenda na suti zako,
Neema