Tata, Bomba Ndilo Lililokuwa Jembamba

Tata,

Shikamoo. Ni mimi, Kokusima wako. Nimerudi Mwanza jana, na leo siwezi kufanya lolote kabla sijakuandikia.

Ulikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji kule kwetu Mabira. Mabomba yalipopasuka wiki ileile maji yalipofunguliwa, watu walisema umefukia mtaro bila kuondoa mawe. Mzee Bitegeko alilisema mbele ya kanisa zima. Ulijibu, "Mawe niliyaokota." Hukulirudia tena mpaka unakufa.

Sasa nafanya kazi kwenye kiwanda cha mabomba ya plastiki. Nasimamia rada ya kupimia unene. Ungeipenda, Tata. Inarusha mawimbi yasiyoonekana: mengine yanagonga ngozi ya nje ya bomba na kurudi, mengine yanapenya na kurudi kutoka ngozi ya ndani. Haya ya pili yanachelewa kidogo, na kwa kuchelewa huko mashine inajua unene, bila kulikata bomba wala kuligusa.

Nilipokuja likizo nilikuta bomba lako moja limebaki kibanjani, kwenye migomba yetu, Mama anaanikia nguo. Nikakata kipande cha mwishoni, nikakifunga kwenye bodaboda. Mama akauliza, "Unalipeleka wapi hilo balaa?" Niliogopa. Je, kama bomba ni zima?

Kiwandani nilikizungusha taratibu mbele ya rada. Kwenye ncha, pale ulipopima kwa rula siku mabomba yaliposhushwa, sawa kabisa. Nilipokisogeza ndani kidogo, upande mmoja, mstari kwenye skrini ukashuka. Nikarudia. Ukashuka palepale. Msimamizi wangu akaleta msumeno, tukakata hapo. Upande mmoja mnene, wa pili mwembamba kama ganda la ndizi.

Nililia mbele ya wanaume, wala sikuona haya.

Juzi nilikipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Kilipita mkono kwa mkono. Mzee Bitegeko alikibonyeza kwa dole gumba, kikabonyea. Akasimama, akavua kofia, akamgeukia Mama.

"Mama Koku, tulimwonea mtu wako. Mtaro ule aliufukia sawasawa."

Mama alikaa mgongo umenyooka. Mkutano ulipokwisha alikataa njia ya migombani, aliyokuwa akipita siku zote kukwepa watu. Tulipita barabara kubwa, polepole, akisalimia kila mtu kwa sauti, hata wale wa ng'ambo ya barabara. Ungemwona, Tata! Mimi nilikuwa nyuma yake, kifua kimenijaa, natamani mtu aniulize mimi ni mtoto wa nani.

Kamati mpya inanunua mabomba mengine, na yatalala kwenye mtaro wako uleule. Wameniomba niyapime. Nakuahidi, hakuna hata moja litakalofukiwa Mabira kabla sijajua lilivyo ndani.

Pumzika, Tata. Maji yanakuja.

Binti yako,
Kokusima