Maziwa Aliyoyafuata Kaka Yako

Duka la Mikate,
Nyuma ya stendi ya zamani.

Jumanne, tarehe 10, saa nne asubuhi.

Mpendwa shemeji,

Kaka yako amepotea. Alitoka nyumbani Jumamosi tarehe 7, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na mpaka naandika mstari huu hajarudi, hajapiga simu, wala hajaonekana na mtu anayekubali kwamba alimwona. Hizo ni saa sabini na tano na dakika kumi.

Nimeanza na hilo ili usije ukasema barua ilikuwa ndefu, hukufika chini. Sasa salamu, maana nililelewa. Hujambo? Kazi ya greda inaendaje, na ule mgongo wako umetulia? Mimi ni mzima kwa maana ya kwamba nasimama. Mwanao hajambo, amepata mapengo mawili mbele na siku hizi anaongea kwa mluzi. Mama mkwe mwili hajambo. Mikate inatoka kila siku, kwa kuwa watu hawaachi kula eti mume wa mwokaji hayupo.

Nimekupigia mara kumi na nne tangu Jumapili. Simu inaita mara mbili, halafu inakatwa. Simu isiyo na mtandao haiiti, shemeji. Basi nimeshika kalamu. Dereva wa lori la mahitaji ya kambi yenu anaondoka hapa leo saa kumi jioni. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asikuachie mezani, na asiondoke mpaka umeifungua.

Nikueleze ilivyokuwa. Jumamosi niliamka nikakuta karatasi chini ya mizani ya unga, mwandiko wake ule wa kulala upande: «Nimefuata maziwa. Msinisubiri chakula cha mchana.»

Jiko langu unalijua. Nilianza na debe moja la unga na tanuri la kuazima, leo naingiza lita arobaini za maziwa kwa siku. Wiki ile gari la maziwa lilikuwa limeshindwa kuja mara mbili, na mara zote mbili kaka yako alikwenda mwenyewe kwenye kituo cha wafugaji, kilomita ishirini na mbili za vumbi, akarudi alasiri. Nikaisoma karatasi nikasema, afadhali, leo mume wangu kaamka na akili. Nikaendelea na kazi.

Saa kumi na moja jioni nikapiga simu kituoni. Wakasema hawajamtia machoni tangu Alhamisi. Nikamchukua jirani yangu fundi pikipiki, tukaipita ile barabara mtaro kwa mtaro mpaka giza likatushinda. Jumapili alfajiri tukairudia. Ina madaraja saba. Kila daraja nilishuka nikainama, nikatazama chini yake, na kila mara niliposimama nilishukuru, kama mjinga, kwamba sikuona kitu.

Saa tisa alasiri, Jumapili hiyo, akaingia mkandaji wangu, yule mama tunayemwita Jeshi kwa ukubwa wa mikono. Alikuwa amepumzika siku mbili, hajui lolote. Akaiona karatasi pale kwenye mizani, akacheka.

«Mama bosi, maziwa haya si ya kunywa.»

Kisha akaniona uso. Kicheko kikamkatikia mdomoni.

«Nilidhani unajua,» akasema. «Wakienda kule juu kuvua ndivyo wanavyosema. Wanafuata maziwa. Shemeji yako ndiye aliyeanza, na mimi wakaniapisha kwa samaki wawili.»

Samaki wawili, shemeji. Hiyo ndiyo bei ya mimi kutoambiwa.

Nikakumbuka kila likizo yako. Unaingia kwa mlango wa nyuma, unaokota andazi la moto, unanitazama usoni kabisa: «Shemeji, tunafuata maziwa.» Na mimi na unga wangu mpaka kwenye nyusi najibu, «Basi mje na siagi.» Mlikuwa mnacheka mpaka mnashika ukuta. Nilidhani nachekesha.

Sina ugomvi na mzaha. Wewe ni shemeji yangu, kunitania ni haki yako, na mimi nimekutania mpaka mbele ya wakwe. Ila mzaha huo umenila saa ishirini na mbili. Nimezihesabu, kuanzia simu ya kituoni mpaka kicheko cha Jeshi. Saa ishirini na mbili natafuta kwenye madaraja ya kusini, na gari lake limeegeshwa kaskazini, kwenye geti la hifadhi, limefungwa vizuri, kioo kimepata umande juu ya umande.

Na ulijua kwa nini nilimkataza kupanda kule. Daktari alisema mbele yetu watatu, wewe ukiwa umekaa kwenye kile kiti cha plastiki: kifua hiki kisipande zaidi ya mita elfu mbili na mia tano. Ziwa la kwanza liko mita elfu tatu na mia mbili. Nimesoma kibao.

Jumatatu nilipanda na askari wa hifadhi. Nilipanda kwa viatu vyangu vya jikoni, usinicheke. Kutoka getini mpaka ziwa la kwanza ni saa moja na nusu, njia nzuri, hata mtoto anaweza. Ziwa lenyewe la kijani, limetulia, kuna watu wenye vibali wanavua na kunywa chai. Hakuna aliyemwona. Ziwa la pili ni saa nyingine nzima juu ya mawe, na hapo watu wameisha. Kutoka pale mpaka la tatu sikuwa na pumzi ya kuhesabu.

Sijui nyinyi mnapenda nini mahali pale. Maji meusi chini ya jabali, jua haliyafikii. Ukungu unashuka, unasimama, unapanda tena, kama mtu anayechungulia mlangoni. Na wale samaki wenu, trauti, wanaruka. Kimya kizima kile, halafu chubwi, halafu kimya. Kila waliporuka niligeuka.

Kwenye lile jiwe bapa ukingoni tulikuta trauti watano. Wamepasuliwa, wamesafishwa, wamepangwa kuanzia mkubwa mpaka mdogo na kufunikwa majani mabichi. Hiyo ni kazi ya mume wangu, hata mikate huipanga hivyo. Pembeni ulikuwapo mkoba wake. Ndani nilikuta sweta zito, ndoana kwenye kopo, vikombe viwili vya bati na kile kipulizio chake cha pumu.

Kipulizio kina kidirisha cha namba, kila ukikivuta namba inashuka. Ijumaa jioni nilikitazama mimi mwenyewe, kama ninavyokitazama kila Ijumaa: sitini na nne. Mle mkobani kilisoma arobaini na moja. Mara ishirini na tatu kwa asubuhi moja, shemeji. Kwa wiki huwa anavuta mara sita.

Nimeligeuza hilo usiku na mchana. Mtu anayehema namna ile haiachi dawa yake na kwenda mbali. Anaiacha akiambiwa ni hapo tu, tunakwenda na kurudi.

Kulikuwa pia na lile daftari dogo anakoandika samaki. Mstari wa mwisho unasema: «Ziwa la tatu, watano. Tunapanda la nne.»

Mkuu wa askari akaisoma mara mbili. «Mama, maziwa hapa ni matatu,» akaniambia. «Nina miaka kumi na tisa kwenye mlima huu.» Akanifungulia ramani, na kweli ni matatu. Halafu mmoja wa vijana wake akasema amewahi kusikia kuna kidimbwi nyuma ya jabali, hakina njia, wanakijua wavuvi wa kuiba tu. Mkuu hakumkemea. Alikunja ramani polepole.

Sasa tunafika kwenye neno ambalo wao hawakulijali. Tunapanda. Mtu aliye peke yake hasemi tunapanda. Mume wangu ana majivuno yake, lakini hajawahi kujiita sisi.

Niliposhuka nikamwomba karani wa geti daftari la wageni. Jumamosi tarehe 7, saa mbili na dakika ishirini, jina la mume wangu, namba ya gari letu, idadi ya watu: wawili. Nikamuuliza huyo wa pili alikuwa nani.

«Mama, mimi naandika ninachoambiwa,» akasema. «Dereva alisema wawili, nikaandika wawili. Mwenzake alikuwa kwenye gari, kofia ya koti imemfunika mpaka puani. Nilidhani ana homa.»

Nikauliza alitokaje. Akasema wanaoshuka kwa njia ya chini hawapiti getini, wanatokea moja kwa moja kwenye barabara kuu, yanakopita mabasi.

Jana hiyohiyo jioni nikampigia meneja wa kambi yenu. Sikumwambia neno. Nilimuuliza tu kama umeshamaliza likizo, nataka kukutumia mzigo. Mtu mwungwana. Akasema ulitoka Jumatano tarehe 4 asubuhi, na Jumatatu tarehe 9 saa moja asubuhi ulikuwa kwenye greda, hukuchelewa hata dakika.

Mimi darasa la saba niliishia njiani, ila hesabu haijawahi kunitoroka. Kutoka kwenu mpaka huku ni saa thelathini na sita, dereva wa lori ameniapia. Jumatano asubuhi ongeza thelathini na sita: Alhamisi jioni. Jumatatu saa moja asubuhi toa thelathini na sita: Jumamosi saa moja jioni. Ulikuja mjini kwetu. Hukubisha hodi, hukumsalimia mama yako, hukumwona mwanao. Na uliondoka Jumamosi jioni, saa ileile niliyokuwa nimeinama chini ya daraja la pili nikiita jina la kaka yako.

Ningeweza kusema nimekosea. Watu milioni wana likizo. Lakini basi ungepokea simu.

Sikia, shemeji. Sikuulizi kilichotokea kule. Labda aliteleza, labda kifua kilimkamata ukaona hutaweza kumbeba, ukakimbia kutafuta msaada, na ulipofika barabarani miguu ikakataa kusimama. Mimi nimewahi kuogopa, najua woga unavyomtembeza mtu. Siku ya hukumu ya hilo itakuja na haitakuwa leo. Kutafuta nani alaumiwe hakumtoi mtu kwenye baridi, na usiku wa jana maji yaliganda kwenye chupa za askari.

Ninachotaka ni pa kutafuta. Ukisimama kwenye lile jiwe bapa ukalitazama ziwa la tatu, jabali linagawanyika. Kushoto kuna korongo la mawe yanayoteleza. Kulia kuna ukanda wa nyasi unaozunguka nyuma. Askari wako tisa, na kila upande unataka siku nzima na kamba zote walizonazo. Wanapanda Alhamisi mchana, wote tisa wakishakusanyika, wanalala pale, Ijumaa wanatafuta upande mmoja. Mmoja tu. Jumamosi inakuja mvua ya barafu na mlima unafungwa, na mkuu wa askari ameniambia bila kunitazama machoni kwamba ukishafungwa ni wiki sita.

Mama mkwe anakusalimu. Tumemwambia kaka yako amekwenda kununua mashine ya kukandia. Ameitikia, lakini tangu jana kiti chake amekigeuza kitazame mlima. Jeshi anakusalimu na anasema samaki wake hao wawili wanamkaa kooni. Mwanao anakusalimu zaidi ya wote. Jana alinisikia nikiongea na askari, akaniambia kwa ule mluzi wake, «Mama, mwite baba mdogo. Baba mdogo anakujua kule.» Msalimie meneja wako, mwambie mzigo niliosema ni huu.

Mungu akufungue kifua useme, na kama kaka yako bado anavuta pumzi, amwachie mpaka Ijumaa.

Lori litafika kwenu Alhamisi saa kumi alfajiri. Askari wanaondoka getini saa sita mchana. Nimekuachia saa nane, na simu ya ofisi ya meneja itakuwa wazi, nimeshamwomba. Mimi nitakuwa getini, namba unayo. Usiniletee hadithi, usiniombe msamaha, usiniulize nani mwingine anajua. Saa sita ikipita kimya, daftari la geti na hesabu yangu ya thelathini na sita vitakwenda polisi mikononi mwangu. Ukijibu, nataka neno moja.

Kushoto au kulia?

Wako akupendaye mpaka Alhamisi saa sita mchana,

Mke wa kaka yako.