Usiweke Kikombe Juu ya Ubao Huu

Baba,

Usiweke kikombe hapa. Hii si meza yetu, ni ule ubao mpana wa mteja. Nimeulaza juu ya meza kwa sababu karakana imejaa vumbi. Chai iko kwenye chupa, jikoni.

Jana nilikusikia ukimwambia mteja atafute fundi mwingine. Eti rola ya msasa ya mashine yetu ni fupi, italainisha nusu ya ubao tu, na tukiugeuza tupige nusu ya pili utabaki mfereji katikati. ~~Mimi hukuniuliza hata neno.~~ Haya, yamepita.

Leo asubuhi nimeupiga msasa. Ile kelele uliyoigombeza kutoka kitandani ilikuwa mimi. Shida si rola, baba. Shida ni upande unaoning'inia nje ya mashine, unainama. Nikauegemeza juu ya meza ya pasi, nikapiga nusu, nikageuza, nikapiga nusu, kila mara nikipunguza unene wa unywele tu.

Mama, ndiyo, meza yako ya pasi. Usiikung'ute ndani ya nyumba, nitaipangusa mwenyewe nikirudi. Nimekwenda kumwambia mteja asihangaike kutafuta fundi.

Baba, karatasi hii nimeiweka pale pale uliposema utabaki mfereji. Iondoe, halafu upitishe kiganja taratibu. Miwani huihitaji.

Binti yako,
~~msaidizi wa fundi~~
fundi