Supu ya Baba Haikuwa na Miso

Chinami, usipige simu, sitaweza kuongea. Soma tu.

Mama Kurashina wa mtaani kaja asubuhi na kile kipimo chake cha chumvi, anapita kila nyumba kupima supu. Nikamkaribisha kwa maringo. Si unajua nimekuwa nikimpunguzia Baba rojo la miso kwenye supu, kwa chumvi yake, kidogo kidogo tangu presha ipande? Hata daktari nimemtambia.

Bakuli la Mama nilishaliweka mbele ya picha yake kama kila asubuhi, na Baba alishamaliza lake. "Tamu sana, mwanangu." Kama kila siku.

Mama Kurashina akachovya kipimo kwenye sufuria. Akakikodolea macho. Akaonja. "Wee Sawako! Hii supu gani? Miso hujatia kabisa!"

Nikaonja. Maji ya moto, Chinami. Maji na vipande vya tofu, miso nilisahau.

Na Baba kasema tamu sana.

Mgeni alipoondoka nikamuuliza, Baba, mbona hukuniambia? Alikuwa anaosha bakuli lake, hata hakugeuka.

"Ningejuaje? Tangu mama yako afariki, chochote nikitia mdomoni ni hivyo hivyo."

Sikulia. Nikachukua kitambaa, nikalifuta bakuli lake.

Halafu akasema, "Ila lile bakuli ulilomwekea mama yako mbele ya picha, kalibadilishe. Yeye atajua."