Kengele Amezaa, Mimi Bado Natetemeka

Karakana ya Seremala,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumatano, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza kabla ya yote, maana ukishaanza kusoma habari zenyewe utasahau hata kuitikia. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Unakula vizuri, au bado unajidanganya na chai kavu mchana kutwa? Niandikie ukweli, usinipambe.

Sisi ni wazima. Shemeji yako analalamika mgongo, lakini huo mgongo unamuuma tangu siku ya posa. Mimi miguu imevimba kidogo, na mtoto anacheza tumboni kama anayetafuta mlango. Imebaki kama miezi miwili.

Sasa kaa kitako. Mbwa wako Kengele amezaa, na yu hai. Nimeanza na hilo makusudi, ili usiruke mistari. Lakini tulikaribia kumpoteza, na hata leo nikisikia ubao ukianguka nashtuka.

Ilianza Jumamosi. Alikataa chakula, akawa anahema ulimi nje huku anatetemeka, kisha akaingia karakana na kufukua maranda chini ya benchi la shemeji yako kama aliyepoteza pete. Nikajua kalishwa sumu. Nililia, nakuambia. Nikamwita shangazi, akaja na mkoba wake wa ukunga, akamtazama mara moja tu akanicheka.

“Huyo anatandika kitanda, wewe! Mwache.”

Na ilikuwa kweli. Hata daktari wa mifugo alikuwa ameshatuambia, siku shemeji yako alipompeleka kupimwa, kwamba mbwa akikaribia kuzaa hukataa chakula, hutetemeka na kufukua. Hofu ilinisahaulisha yote. Lililobaki kichwani lilikuwa onyo lake: tuogope tukiona maji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, na tuogope zaidi akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kutoa mtoto. Likitokea mojawapo, alisema, msingoje, mleteni. Alimpapasa tumbo akasema watoto hawapungui wanne.

Hapa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukuandikia. Shangazi alishaamua kwamba nitajifungulia chumbani kwake, mikononi mwake, kama tulivyozaliwa wewe na mimi. Hakuniuliza, alinitangazia. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nani katika ukoo huu aliwahi kumwambia shangazi hapana? Lakini tangu siku hiyo nalala na hofu, na hofu hiyo ndiyo niliyoingia nayo karakana Jumapili.

Basi Jumapili, jua limeshapanda, uchungu ukaanza. Mtoto wa kwanza akatanguliza miguu. Mdogo wangu, sijawahi kumwona shangazi akibadilika rangi, siku hiyo nilimwona. “Katanguliza miguu!” akasema, mikono imebaki hewani. Mimi nikashika benchi. Kumbe kwa mbwa hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kabla shangazi hajaamua afanye nini, mtoto akateleza mwenyewe, yumo ndani ya utando wake. Kengele akaupasua kwa meno, akakata kitovu, akamlamba mpaka akalia.

Yakafuata maji ya kijani kibichi. Nikapiga kelele. Shemeji yako ndiye aliyenikumbusha kwamba ya kuogopa ni yanayotangulia mtoto, haya yamemfuata. Kisha likatoka kondo la nyuma, Kengele akaanza kulila. Shangazi akataka kumpokonya, eti lazima alikague kama limetoka zima! Kengele akamkoromea, shangazi akaruka nyuma na kukalia kopo la gundi. Hapo nilicheka. Ndicho kicheko changu pekee siku ile.

Wa pili akatoka salama. Baada yake Kengele akalala, ametulia, analamba watoto wake, hasukumi. Mimi nikadhani anakata roho, nikaweka kiganja mbavuni kwake kuhesabu pumzi. Alikuwa anapumzika tu. Laiti ningalijua kwamba ni mapumziko tu, ningalikaa nikayafurahia.

Maana alipoanza tena, hakuanza vile. Alisukuma mgongo umepinda, tumbo limekaza kama ngoma, na hakuna kilichotoka. Akasukuma tena. Hakuna. Watoto wawili wakalia pembeni asiwatazame. Alikuwa ananitazama mimi.

Shangazi akamgeuza chali. Ndiyo, chali, mapaja akayapanua kama mwanamke, akamfuta uso kwa kitambaa akimwambia, “Vuta pumzi, mama. Taratibu. Bado.” Na unavyomjua Kengele, akipendwa hakatai kitu. Akalala hivyo hivyo miguu juu, anatetemeka.

Nikasema, “Shangazi, daktari alisema nusu saa.”

“Huyo daktari wako kazalisha wangapi? Mtaa huu mzima umepita hapa,” akanionyesha viganja vyake, “na wewe ukiwemo. Mtoto wa mwisho hukawia. Bado.”

Nikakodolea macho lile tumbo, na sikuona mbwa tena. Nilijiona mimi, nimelala kwenye mkeka wa shangazi, nasukuma hakuna kitu, na sauti ile ile inaniambia bado. Mimi nitakuwa nimeishiwa nguvu za kusema. Nani atanisemea? Shemeji yako alikuwa kasimama mlangoni kashika randa kifuani, na mbele ya shangazi huwa hata salamu anaitoa kwa kuomba ruhusa.

Nusu saa ilipita. Kengele aliacha kulia, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikonitoa pale.

“Shangazi, nampeleka,” nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani.

“Ukimtikisa njiani utamuua. Damu yake itakuwa juu yako.”

Alisema hivyo, na mimi nilimwamini. Nilimwamini, na bado nikapiga magoti nikaanza kumgeuza ubavu. Ndipo shemeji yako, huyo huyo bubu wetu, akaweka randa chini akasema, “Shangazi, ngoja ngoja huumiza matumbo.” Akateremsha mlango mpya wa mteja aliokuwa ameshaupiga msasa, tukamlaza Kengele juu yake, tukambeba kama mgonjwa wa watu.

Dereva wa kiwanda cha mikate alikuwa anapakia. Hakuuliza maswali, alisogeza kreti, na moja akatupatia tuwatie watoto. Nikaketi nyuma, kichwa cha Kengele mapajani, gari zima linanuka mkate wa moto. Kila shimo barabarani nilisikia yale maneno: utamuua. Nilipoinua macho nikamkuta shangazi kaketi upande wa pili, peku, kakumbatia kreti ya watoto. Sikumwona alipopanda.

Daktari alimpapasa, akavaa glavu, akapima. Mtoto alikuwa amekaa mkingamo, amemzibia njia mwenzake. Akatuambia lazima ampasue, na hakutuficha kwamba mama mwenyewe amechoka sana. Nikakubali kwa niaba yako. Ulikuwa hupatikani kwa simu, na kama nilikosea, nilaumu mimi.

Tukangoja kwenye benchi la nje, mimi na shangazi, shemeji yako akizunguka uani. Kila mlango ulipolia nilijishika tumbo. Sijui nilipata wapi ulimi. Nadhani niliogopa kiasi kwamba hofu ya kumkabili shangazi ikawa ndogo kuliko ile ya kujifungua. Nikamwambia, “Shangazi, mimi nitajifungulia hospitali.”

Alikuwa anatazama viganja vyake. Nikasubiri anigombeze, nikaona afadhali angenigombeza. Mwishowe akauliza polepole, “Watu wa hospitali, huwa wanamruhusu mtu kukaa pale mlangoni?”

Shangazi yetu, mdogo wangu, anaomba ruhusa ya kukaa mlangoni. Nikamwambia hatakaa mlangoni, ataingia anishike mkono, na kama hawataki, wataniambia mimi. Nilisema kwa ujasiri, lakini meno yalikuwa yanagongana.

Mtoto yule wa mkingamo alitoka amekufa. Aliyekuwa nyuma yake alitoka mlegevu, daktari akamsugua kwa taulo mpaka tukasikia sauti nyembamba. Kwa hiyo ni watatu. Daktari alisema tungekawia kidogo tu, tungemkosa na huyo pamoja na mama yake.

Tumemrudisha nyumbani, lakini sijatulia. Siku ya kwanza, dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, aliwatazama watoto kama si wake, tukawa tunawashikisha chuchu kwa mikono, tukihofia asije akawalalia. Jana ameanza tena kuwalamba. Tumeambiwa tuangalie kidonda, joto la mwili, harufu mbaya, na kama atakataa chakula au watoto. Nanusa, napapasa, naamka kuhakikisha. Huyo mdogo wa mwisho ananyonya kwa shida. Muombee.

Ukipata nafasi nipigie. Nahitaji kusikia sauti yako.

Shemeji yako anakusalimu, na anasema ule mlango umebaki na alama za kucha, ataubakiza kwetu. Dereva wa mikate anakusalimu pia ingawa hakujui. Mungu akulinde ugenini, akuepushie ajali, na atukutanishe tukiwa wengi kuliko tulivyoachana.

Shangazi anakusalimu sana. Yuko hapa pembeni, na hii ni mara ya tatu kuniuliza kama nimeshafika kwenye salamu zake. Amekataa nimsitiri. Amesema niandike kama alivyotamka: “Mwambie aliyesema bado ni mimi.”

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima.