Behewa la Mama Feza

Yaya Berta, dada yangu,

Niko mzima huku Kamina, ila sielewi kitu. Jana mchana nilikwenda kula kwa Mama Feza, anayepika ndani ya behewa lililokwama stesheni tangu vita vianze. Sombe yake ya majani ya muhogo ina ndizi mbivu na samaki wa moshi. Usicheke, ni tamu! Nilikuwa katikati ya kumega tonge la bukari, behewa likatikisika, likaanza kwenda.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Minyi sijue! Balisema masinyi ya kuvuta treni itakuya kubeba baaskari."

"Ya Kabongo kaskazini ao ya Lubumbashi kusini?"

"Sijue, mutoto yangu. Shuka!"

"Na weye?"

"Masufuria yangu nitaachia nani?"

Nilisita mlangoni, nikitamani liwe linakuja kwenu Lubumbashi. Kisha nikaruka, sahani yake ingali mkononi. Behewa likapotea nyuma ya maghala, kabla njia za reli hazijagawanyika, nisione limeshika ipi. Leo mkuu wa stesheni anasema limekwenda kusini, fundi wake anasema kaskazini. Sahani nimeiosha, sijui nimpe nani.

Kama Mama Feza amefika huko, yaya, mkaribishe nyumbani, naye apikiwe. Nawe ule vizuri, usikonde kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Yosefu