Nne Katika Kisanduku cha Mwisho

Pike Springs, Nebraska
9 Machi 2008

Mwanangu Corinne,

Hujambo mama? Mimi mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe unalijua, huanza kulalamika kabla mvua haijanyesha. Ng'ombe wazima. Yule mwekundu mwenye kiburi amezaa, na ndama ana sura ya shangazi yako Ludmila. Usimwambie.

Sasa habari kubwa. Ambulensi ya kaunti inatafuta mtu, maana Pavel Hruby amestaafu. Nimewaambia wasihangaike, binti yangu alikuwa tabibu wa kikosi, amefunga majeraha ambayo wao wameyaona kwenye sinema tu. Tuma maombi upesi. Chumba chako kipo, yale matairi nimeyatoa.

Na kuna jambo jingine litakalokufurahisha. Kile cheti cha kuachishwa jeshi ulichonitumia nikutunzie, sikukiacha kabatini kiliwe na panya. Nimekipeleka mahakamani, Wanda, karani wa kaunti, akakisajili kwenye kitabu cha kaunti, kama babu yako alivyosajili chake baada ya vita vya Ulaya, na mimi changu niliporudi kutoka Vietnam. Hata nyumba ikiungua, cheti kipo. Sasa akina Kopecky tumo humo watatu. Nilimwonyesha Wanda pale palipoandikwa "kwa heshima", kisha nikanunulia ofisi nzima kolache, vile vimkate vyetu vitamu vya plamu. Picha yako nimeitundika kwenye ukumbi wa maveterani, kushoto kwa yangu.

Rudi nyumbani, mama.

Baba yako


Omaha
21 Aprili 2008

Baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi si mzima na sitajifanya mzima.

Ambulensi wamenikataa. Niliwapa nakala fupi ya cheti, ile isiyoonyesha sababu ya kuachishwa wala namba. Jeshi hutoa nakala mbili, fupi na ndefu, na waajiri wengi huidai ndefu. Hawa hawakuhitaji kuidai. Walivuka barabara tu wakafungua kitabu cha Wanda, kwa sababu kitabu cha kaunti ni cha kila mtu. Muuza trekta anaweza kukisoma. Mwalimu wangu wa darasa la tatu anaweza kukisoma.

Nilikuambia nini? Weka, usimwonyeshe mtu. Ulidhani naona haya kusifiwa? Uliona "kwa heshima" ukakimbia nacho mjini. Hukusoma hadi chini. Basi soma sasa. Kuna kisanduku cha sababu: ugonjwa wa tabia. Na cha mwisho kabisa, namba ya kurudi jeshini: nne. Moja maana yake karibu tena. Nne maana yake usionekane tena getini. Mkuu wa ambulensi alinisomea yote kwenye simu, kwa sauti ya upole, kama mtu anayezungumza na mwenye kisu mkononi.

Mimi napanga sabuni kwenye ghala, Baba. Kazi ile ndiyo ilikuwa njia yangu ya kurudi nyumbani. Umeifunga kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukala kolache.

Bintiyo


Pike Springs
30 Aprili 2008

Corinne,

Salamu. Mimi mzima.

Usinifokee kama mtoto mwenzako. Nilifanya alichofanya baba yangu, na kila mtu mwenye cheti katika kaunti hii amefanya hivyo hivyo. Kama kilikuwa na uchafu, ungeniambia kina uchafu.

Nilikwenda kwenye ukumbi wa maveterani kumwuliza Delbert, yeye alikuwa karani wa kikosi. Akakuna kidevu, akasema, "Verlin, enzi zetu nne walipewa wezi na walevi. Msichana wako kafanya nini?" Mbele ya watu wote, na karata mkononi. Miaka yote hii mimi ndiye ninayewachagulia picha za ukutani, na siku ile nilikaa kimya kama kondoo.

Sasa nakuuliza mimi. Ulifanya nini? Uliiba dawa? Ulimpiga mtu? Ugonjwa wa tabia ni ugonjwa gani huo, mbona hapa nyumbani hukuwa nao? Nimekulea peke yangu tangu mama yako afariki na sikuwahi kuona tabia mbaya ila ubishi, na huo umeutoa kwangu.

Picha yako nimeishusha mwenyewe, kabla hawajaniambia niishushe.

Baba


Omaha
8 Mei 2008

Baba,

Salamu sina.

Umeuliza nilifanya nini. Nilisema. Hilo ndilo kosa langu lote.

Sajini Wade Tolliver alinifuata kwenye stoo ya dawa, akafunga mlango kwa ndani. Sitakuandikia yaliyofuata, wewe ni mtu mzima. Asubuhi nikaenda kwa kapteni nikamweleza. Kapteni akaniambia nifikirie vizuri kabla ya kumharibia mwenzangu maisha. Nikamwambia nimeshafikiria. Mwezi haukuisha nikapelekwa kwa daktari wa akili ambaye hakuwahi kuniona. Aliniuliza kama nilicheza vizuri na wenzangu utotoni, na kama nawapenda wanaume. Tukamaliza kahawa yake ikiwa bado ya moto. Akaandika ugonjwa wa tabia, ule ambao mtu anazaliwa nao, ili lisiwepo la kumwuliza Tolliver.

Kisha nikaletewa karatasi. Wakaniambia, saini uwe nyumbani kabla ya Krismasi, au usisaini ukae kambi moja naye hadi uchunguzi uishe. Hakuna aliyeniambia namba ile maana yake nini. Nikasaini, Baba. Wewe je, usingesaini?

Nimeliomba jeshi wabadilishe. Wamejibu kuwa wamepokea barua yangu, na kwamba mambo haya huchukua miaka.

Tolliver amepandishwa cheo. Siku akiondoka, namba yake itakuwa moja, na baba yake ataipeleka mahakamani.

Nilikutumia cheti kwa sababu sikuweza kukaa nacho chumba kimoja. Sikukutumia ili unitundike, wala ili unishushe. Uliulizwa mbele ya watu binti yako ni mwizi au mlevi, ukakosa jibu. Hilo linaniuma kuliko ambulensi.

Kama huna la maana usiniandikie.

Corinne


Pike Springs
12 Oktoba 2008

Mwanangu,

Sijui hali yako na sistahili kuiuliza, lakini nauliza. U mzima?

Nimekaa kimya muda mrefu mno. Kila nilipoandika ilitoka barua ya kutukana watu, nikaichana. Nina hasira mpaka ng'ombe wananikimbia. Nilimfuata Delbert ukumbini nikamwambia, "Uliniuliza binti yangu kafanya nini. Kafanya ambalo wewe na mimi hatukuwahi kuthubutu, kamshtaki mkubwa wake. Una swali jingine?" Akasema hakujua. Nikamwambia asiyejua hufunga mdomo. Picha yako nimeirudisha. Yangu ndiyo nimeishusha, maana aliyekaa kimya ni mimi.

Kisha nikaenda kwa Wanda. Nikamwambia achane ukurasa ule. Akasema, "Verlin, hauchaniki. Kilichosajiliwa kimesajiliwa." Nikapiga meza, akamwita askari, askari akawa ni mtoto wa Ludmila, akanivutia kiti. Wanda alipoona nimekaa chini akaleta maji, akasema kitabu hakipunguzwi lakini kinaongezwa. Mtu yeyote akileta hati ya kiapo, yeye hana ruhusa ya kuikataa. Ataisajili, na kwenye ukingo wa ukurasa wako ataandika: soma pamoja na huu.

Basi nimeandika. Inasema hivi:

"Mimi Verlin Kopecky naapa kwamba binti yangu hana ugonjwa wowote wa tabia. Alidhulumiwa na mtu mmoja mwenye cheo, akasema, na jeshi likamfukuza yeye. Namba iliyoandikwa katika cheti chake ni uongo. Anayesoma cheti hicho asome na hii."

Jina la mtu yule nimeliacha, nisije nikakuumiza tena. Na safari hii sijaipeleka. Ipo kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Mara ya kwanza sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Ukisema hapana, naitia kwenye jiko.

Nisamehe, mama.

Baba yako


Omaha
19 Oktoba 2008

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima kiasi. Poleni na ng'ombe.

Nimeisoma hati yako mara nyingi. Ina kosa. Kwenye kitabu kile jina langu limo lote, la kwanza na la ukoo, pamoja na ugonjwa nisio nao. Yeye umemwita "mtu mmoja mwenye cheo".

Ana jina. Sajini Wade Tolliver. Liandike, tena mwandiko wako uwe wa kusomeka.

Nakuja Ijumaa tuape wote wawili. Usinunue kolache.

Binti yako,
Corinne